Gereji ya Nyumbani: Bushi mpya, mlio uleule

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota ndogo ninayoitumia kila siku kutoka Sahare kwenda kazini Ngamiani, na mara mbili kwa mwezi huipandisha Amani kumwona mama. Miezi mitano iliyopita nilibadilisha mwenyewe, chini ya mwembe wa nyumbani, wishiboni zote mbili za mbele (ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu kwa chini) pamoja na linki za stabilaiza (vijiti vinavyounganisha fito ya kuzuia gari lisilale upande), kwa sababu gari lilikuwa likigonga kila nilipopita kwenye mashimo. Mlio ulikwisha kabisa. Sasa umerudi, na nilipochungulia chini nikakuta raba ya bushi ya mbele ya wishiboni imechanika upande wa kulia na imeanza kuchanika upande wa kushoto. Muuzaji wa spea anasema nilikosea kufunga. Mimi naona ameniuzia raba mbovu. Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Sahare, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuishughulikia kazi hiyo kwa mikono yako mwenyewe. Raba mbovu zipo madukani, tena nyingi, na barabara ya kupanda Amani kutoka Muheza haioni huruma kwa bushi yoyote. Hata hivyo, kabla hujarudi dukani kugombana, nakuomba ukumbuke jambo moja: ulipokaza bolti za wishiboni kwa mara ya mwisho, je, magurudumu yalikuwa yamekanyaga chini, au gari lilikuwa bado juu ya jeki na magurudumu yakining'inia? Kama yalikuwa yananing'inia, basi muuzaji ana haki, na hata ungenunua bushi bora kuliko zote ingechanika vilevile.

Sababu iko katika jinsi bushi hiyo ilivyotengenezwa. Watu wengi huidhania kuwa ni kama beringi, kitu kinachozunguka kwa uhuru kwenye bolti yake, kumbe sivyo. Ndani kuna bomba dogo la chuma linalopitisha bolti, nje kuna bomba kubwa linaloingia kwenye wishiboni, na katikati kuna raba iliyogandishwa kwenye mabomba yote mawili. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani hubanwa na fremu na haligeuki tena hata kidogo, kwa hiyo wishiboni inapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojipinda na kurudi. Maana yake ni kwamba pale ulipokaza ndipo raba inapohesabu kuwa mahali pake pa kupumzika. Ukikaza wakati wishiboni imeshuka mpaka mwisho, kisha ukalishusha gari chini, raba inabaki imesokotwa muda wote, hata gari likiwa limelala nyumbani usiku. Na likiingia shimoni, inasokotwa zaidi ya kiasi ilichotengenezewa. Bushi ya mbele, ile ambayo bolti yake imelala, ndiyo inayoumia kwanza, na ndiyo hiyo uliyoiona.

Kwa hiyo utakapoirudia kazi, anza kabla hujainua gari. Chukua futi ya fundi cherehani, upime kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi ulio juu ya tairi, kila upande, kisha uandike vipimo hivyo kwa chaki kwenye bodi palepale. Ondoa wishiboni, uipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupresi aingize bushi mpya, kwa sababu bushi inayogongwa kwa nyundo huingia ikiwa imepinda na bomba lake la nje hubonyea. Unapoirudisha, kaza bolti kwa mkono tu, kiasi cha kuzuia zisicheze. Halafu, gari likiwa limekalia stendi zake, weka jeki chini ya wishiboni karibu na boljointi (kiungo cha mviringo kinachoiunganisha na gurudumu), uipandishe taratibu huku mtu mwingine ameshika futi, mpaka kipimo kirudi pale kilipokuwa kabla ya kazi. Kama bodi itaanza kunyanyuka kutoka kwenye stendi kabla ya kufikia kipimo, acha njia hiyo. Rudisha magurudumu mahali pake, ushushe gari juu ya mbao nene mbilimbili chini ya kila tairi la mbele ili upate nafasi ya mkono, na ukaze hapo. Zitumie mbao, usitumie matofali ya saruji, kwa kuwa tofali hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Kiasi cha kukaza kimo katika kitabu cha gari lako, na spana ya kupima nguvu ya kukaza inaweza kuazimwa kwenye gereji. Bolti za wishiboni si mahali pa kukisia.

Yapo magari, hasa yenye gia za otomatiki, ambayo bolti ya upande wa gia haitoki mpaka fremu ndogo, ile inayoshika wishiboni kwa chini, ishushwe kidogo. Wewe umekwisha kuzitoa mara moja, kwa hiyo hilo unalijua, lakini nalitaja kwa ajili ya msomaji mwingine asije akaikata bolti kwa hasira.

Udongo wa kwenu ni wa kichanga, nao huzamisha jeki polepole bila mtu kuona. Weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, tilia mawe magurudumu ya nyuma mbele na nyuma, na usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota soketi iliyoanguka. Upepo wa chumvi wa Sahare nao hula nyuzi za bolti, hivyo zisugue kwa brashi ya waya na uzitie mafuta ya kulainisha kutu tangu jioni ya siku iliyotangulia, kisha urudie asubuhi.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mlio unatoka kwenye bushi peke yake. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tazama boljointi. Ukishika kushoto na kulia na ukasikia mchezo, huo mara nyingi ni wa tairodi endi, kile kiungo cha mwisho cha fito ya usukani. Linki za stabilaiza hugonga kwa mlio mwepesi na wa harakaharaka kwenye vijishimo vidogo, ilhali bushi ya wishiboni hutoa pigo moja zito, hasa unapokanyaga breki au kuondoa gari. Na kama utazifungua linki tena, inua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, maana ukiinua upande mmoja tu, fito ya stabilaiza hujisokota, na linki haitatoka wala kuingia kwa amani.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kaka yangu amenunua shokapu mbili za mbele za mtumba kutoka Japani, zimekuja bila springi. Anataka kuhamisha springi za zamani hapa nyumbani kwa kuzifunga waya mnene wa kujengea ili zisifyatuke. Ninaogopa, naye ananicheka. (Dada mtu, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Dada yangu, uoga wako una msingi, na tafadhali mwonyeshe kaka yako maneno haya leo, kabla hajaigusa nati ya katikati. Katika shokapu za mbele za magari mengi madogo, springi imezungushwa kwenye shokapu yenyewe na kubanwa kati ya sahani mbili, na nati hiyo moja ya juu ndiyo inayoizuia. Hata gari likiwa juu na gurudumu likining'inia, springi bado imebanwa. Waya wa kujengea umetengenezwa kufunga nondo zilizotulia. Haukutengenezwa kuzuia chuma kinachotaka kuruka. Nimeshuhudia kwa macho yangu springi ikitoka hivyo na kutoboa mlango wa mbao, na kijana aliyekuwa ameishika alikuwa ameinama kuokota spana. Asingeinama, ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Kazi iliyobaki anaiweza nyumbani bila wasiwasi. Atoe shokapu nzima pamoja na springi yake: afungue nati za pembeni zinazoshika mauntingi (kikalio cha juu cha shokapu) kwenye bodi, ambazo kwa kawaida ni tatu, na bolti mbili kubwa za chini, bila kuigusa ile ya katikati. Achore alama ya chaki pale bolti za chini zinapokaa, atenganishe mpira wa breki na kishikio chake, na auegemeze mkono wa gurudumu kwa kamba ili usivute mpira huo wala waya wa breki za ABS. Kisha abebe shokapu zote nne, mbili za zamani na mbili za mtumba, aende gereji yenye mashine ya kubania springi. Kazi yao haichukui muda mrefu.

Akiwa bado anaweza kuzirudisha dukani, asimamishe kila shokapu ya mtumba wima na kuusukuma mchuma wake chini hadi mwisho mara kadhaa. Ushuke kwa uzito ulio sawa njia nzima. Ukikuta mahali unateleza bila kupinga, au mafuta yanaonekana shingoni, shokapu hiyo imekwisha. Zote mbili ziwe na nguvu inayofanana. Mauntingi na vifuniko vya vumbi anunue vipya, kwa maana raba huzeeka hata ikikaa stoo.

SWALI: Nilibadilisha tairodi endi ya kushoto, nikahesabu mizunguko ya kuifungua ile ya zamani na kuifunga mpya kama nilivyoshauriwa, lakini tairi limeanza kuliwa ukingo wa ndani. Nimekosea wapi? (Msomaji, Pongwe)

JIBU: Pengine hukukosea. Kuhesabu mizunguko kunakusaidia ulifikishe gari kwenye alaimenti, yaani kupimiwa na kunyooshewa magurudumu, bila kuyumba. Hakuchukui nafasi ya alaimenti, kwa kuwa tairodi endi mpya haina urefu uleule hasa wa ile ya zamani, na tofauti ya milimita chache inatosha kulifanya tairi lijikwaruze kila kilomita. Nenda ukapimiwe wiki hii kabla waya za tairi hazijaonekana. Mwambie fundi wa alaimenti kwamba umebadilisha upande wa kushoto, aufunge usukani ukiwa umenyooka kwanza ndipo arekebishe pande zote mbili, na kabla hujaondoka uhakikishe kwa mkono wako kwamba nati ya kufungia imekazwa na kotapini (kipini cha kuzuia nati isifunguke) ya tairodi endi imekunjwa.