Losartan ya shangazi tusiiguse

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Unauliza, kama kuna dawa zinazofungua mishipa damu iingie kwenye uvimbe wa saratani na losartan imo, basi shangazi yako ambaye tayari anaimeza kwa ajili ya presha tumwongezee dozi kabla hajaenda Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, kupiga skani, ili ile dawa ya mionzi atakayopewa inase vizuri kwenye uvimbe. Hapana, tusimwongezee. Ila wazo lako sio la kijinga, limewaumiza vichwa watu wazito.

Unakumbuka ule mfereji kule Mbarali, kingo zimetoboka, maji yanavujia njiani huku mpunga wa mwisho wa shamba umekauka? Mishipa ya uvimbe ndo hivyo, imejipinda, inavuja, na yale maji yaliyovuja yanajaa ndani yanasukuma kila kinachotaka kuingia, halafu mingine imebanwa na nyama ngumu, kwahiyo dawa inaishia pembeni katikati haifiki. Wajapani miaka ya 80 walipandisha presha kwa angiotensini, kemikali inayobana mishipa, basi mishipa yenye afya ikajibana, ya uvimbe haina misuli ya kujibana vile, damu ikakimbilia huko. Mwaka 2001 Rakesh Jain kule Marekani akaja na hoja iliyonishangaza sana, kwamba ukitumia kwa kiasi dawa za kuzuia uvimbe usiote mishipa mipya, ile inayovuja inapungua na inayobaki inapitisha damu vizuri zaidi, kama kuziba matobo ya mfereji, ila hali hiyo inadumu kwa muda tu. Na losartan, kundi la Jain hilohilo lilionyesha 2013 kwamba inalegeza ile nyama ngumu mishipa ifunguke, lakini ni kwenye panya, na walipewa kwa siku kadhaa, sio kidonge cha kuamkia skani.

Sasa shangazi yako ukimzidishia dozi, presha itashuka, ataanguka bafuni, miaka yangu yote famasi nimewaona wengi. Halafu daktari anapima uvimbe umenasa dawa ya mionzi kiasi gani alinganishe na skani ya mwanzo, ukichezea mzunguko wa damu wa shangazi, daktari atasoma kitu kingine kabisa. Naogopa hilo kuliko yote.

Nimemwambia ameze kimoja kama kawaida na pakti aende nayo, akamuulize daktari mwenyewe. Anatoka hapa Jumatano asubuhi, we kampokee stendi ya Mbezi, asihangaike na bodaboda usiku.

Baba yako, Uyole