Kikokotoo 0.6296, kitabu 0.8042: tofauti ni nguzo moja tu

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana kosa hilohilo nimelifanya kwa muda mrefu. Una mayai 20 kwenye mashine ya kutotoleshea, kila yai lina uwezekano wa 0.8 wa kuanguliwa, na unatafuta uwezekano wa kupata vifaranga wasiopungua 15. Kikokotoo cha mtandaoni kikakupa 0.6296, kitabu kinasema 0.8042, na wewe unashuku kitabu. Kitabu kiko sahihi, na kikokotoo nacho hakijakosea. Umekiuliza swali jingine.

Kikokotoo ulichotumia kinajumlisha kuanzia 0 hadi namba uliyoandika. Uliandika 15, kikatoa 0.3704, ukaitoa kwenye 1. Hapo umeitupa nje 15 yenyewe pamoja na zote zilizo chini yake, ukabaki na 16 kwenda juu, yaani "zaidi ya 15". Swali linasema "wasiopungua 15", kwa hiyo 15 imo. Andika 14, utapata 0.1958. Toa kwenye 1, hiyo hapo 0.8042.

Mimi niliacha kukosea siku nilipoanza kutazama grafu kabla ya namba. Fungua kikokotoo cha uwezekano cha GeoGebra (programu ya hisabati ya mtandaoni), chagua Binomial, yaani hesabu ya majaribio ambayo kila moja hufaulu au hushindwa, n (idadi ya mayai) weka 20, p (uwezekano wa yai moja kuanguliwa) weka 0.8. Zitatokea nguzo, kila moja ikionyesha uwezekano wa idadi moja ya vifaranga, nyingine fupi mno upande wa kushoto hata huzioni, na ndefu kuliko zote imesimama juu ya 16, ambayo ndiyo wastani: 20 × 0.8. Sasa chagua alama ya upande wa kulia na uandike 15. Usikimbilie jibu. Tazama nguzo ya 15: imepakwa rangi au haijapakwa? Uzito wake ni 0.1746, na hiyo ndiyo tofauti yote kati yako na kitabu.

Kwenye Desmos, kikokotoo kingine cha mtandaoni, andika binomialdist(20,0.8), kisha washa sehemu ya jumla na uweke mipaka 15 na 20. Wa Excel waandike =1-BINOM.DIST(14,20,0.8,TRUE). Ukiweka FALSE unapewa nguzo moja peke yake, na wengi huishia hapo.

Ukipata nafasi, shusha p hadi 0.5 uone mlima unavyohamia 10 na pande zote mbili zinavyolingana. Kwa dakika tano utaelewa zaidi ya kurasa nzima za fomula.

Kuna jambo jingine ambalo swali lako limelipita kimyakimya, nami lilinigharimu. Hesabu hii inataka kila yai liwe na bahati yake, lisiloathiriwa na jirani yake. Mimi ninafuga kuku. Kuna safari niliweka mayai 200, na kwa rekodi zangu 0.8 ilikuwa makadirio ya haki. Wastani ni 160, na mchepuko sanifu, yaani kiasi ambacho matokeo kwa kawaida huachana na wastani, ni kama 5.7. Walitoka vifaranga 90. Niliingiza namba hizo, kikokotoo kikaniandikia sifuri tupu. Nilikaa nikijiuliza ni mkosi gani huo, hadi nilipokumbuka kwamba wiki ya pili umeme ulikatika usiku kucha na mashine ikapoa. Mayai hayakufa moja moja kila moja kwa sababu yake, yalikufa kwa pamoja. Siku hiyo n yangu haikuwa 200 kwa maana yoyote ya kweli.

Kwa hiyo kwenye mtihani chukua 0.8 kama ulivyopewa. Ila ukiwa bandani, mayai ukiyapima kwa tochi siku ya saba na kuyaondoa yasiyo na mbegu, anza hesabu upya: n imepungua, na p ya yaliyobaki imepanda. Usitumie tena 0.8.