Ringi ya nyuma inayumba baada ya kubana spoku: anza kwa kulegeza

Mkuu, pole. Umesema ulikuta spoku saba za gurudumu la nyuma la baiskeli yako zimelegea, ukazibana zote kwa plaizi hadi zikakaza, na sasa ringi inayumba kuliko mwanzo. Nadhani nyingi kati ya hizo saba ziko upande mmoja wa habu (kile kitovu cha gurudumu spoku zinapoanzia), kwa hiyo umeivuta ringi upande huo.

Nami niliwahi kufanya hivyo hivyo. Naendesha baiskeli ya Phoenix hapa Ifakara, mwaka wa tisa sasa, na kwenye keria hukaa gunia la mpunga kila msimu wa mavuno. Spoku za nyuma zinateseka.

Fuata spoku moja kwa kidole kutoka kwenye ringi mpaka kwenye habu. Ikiishia kushoto, jirani yake itaishia kulia, na hivyo hivyo mpaka uzunguke. Baiskeli hizi zina spoku 40 nyuma na 32 mbele, nusu kwa nusu. Ya kushoto ukiikaza inavuta ringi kushoto, ya kulia inavuta kulia. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, jiulize ringi inatakiwa irudi upande gani.

Kwanza shika ringi uisukume kushoto na kulia. Ikigonga kwenye ekseli, tatizo lipo kwenye gololi na koni za habu (zile nati zinazobana gololi). Kaza hapo kwanza, la sivyo utanyoosha ringi siku nzima bila mafanikio. Kisha toa upepo, maana ncha ya spoku ikichomoza ndani ya ringi itatoboa tyubu. Pindua baiskeli, isimame kwa tandiko na usukani. Dondoshea oili vinati vya spoku, vile vinati vidogo vinavyoshika spoku kwenye ringi, na kama vina kutu viache vilale usiku mzima. Plaizi iweke mbali kabisa. Nunua spana ya spoku, ile ya duara yenye meno, na uchague jino linaloshika kinati bila kucheza. Kinati kikishaliwa pembe hakishikiki tena.

Mwelekeo wa kuzungusha ndio unaochanganya wengi. Jifanye umesimama upande wa tairi, unaingiza bisibisi kupitia kwenye ringi: ukitazama kutoka hapo, kubana ni kufuata mshale wa saa. Gurudumu likiwa mbele yako, kinati cha juu ukikitazama kutoka juu unakibana kwa kufuata saa. Cha chini ukikitazama kutoka hukohuko juu, ni kinyume. Mimi hufanya kazi sehemu moja tu ya gurudumu, nikaizungusha ringi inifuate, ili mkono usisahau.

Funga kijiti kwenye bomba la fremu, ncha yake ikaribie ringi bila kuigusa. Zungusha taratibu. Panapogusa, tia alama ya chaki. Tuseme kijiti kiko kulia na ringi inakigusa: pale kwenye alama legeza spoku ya kulia robo mzunguko, na ubane ya kushoto iliyo jirani yake robo mzunguko. Zungusha tena, utazame. Robo tu, mkuu, hata kama mkono unatamani zaidi. Kwa hali yako ningeanza kwa kulegeza zile saba kidogo kidogo, kwa sababu huko ndiko mvutano umezidi.

Kila baada ya raundi mbili, gonga spoku kwa ukucha. Za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Yenye mlio mzito imelegea, na hiyo ndiyo itakayokatika baadaye, kwa kuwa kila gurudumu likizunguka inalegea na kukazika, mpaka chuma kichoke pale inapojikunja kwenye habu. Kisha kamata spoku mbilimbili na uziminye kwa nguvu ya kiganja, gurudumu zima. Utasikia zikilia, zinakaa mahali pake. Pima upya, maana ringi itakuwa imesogea kidogo.

Kama breki zako ni za fimbo, zinashika ringi kutoka ndani, hivyo kupanda na kushuka kwa ringi kutakusumbua zaidi kuliko kuyumba. Palipovimba, yaani ringi imetoka nje mbali na habu, bana spoku mbili jirani, ya kushoto na ya kulia, kwa kiasi kilekile. Mimi nikibakiza milimita 2 za kuyumba naridhika na napakia mzigo. Breki za kubana pembeni zinataka chini ya hapo.

Ila kama ringi iligonga shimo ikakunjika, spoku zikalegea hapo tu, usilazimishe kwa spana. Chuma kilichopinda kinataka kunyooshwa na fundi, au ringi mpya. Weka kijiti leo, zungusha, kisha utuambie inagusa upande gani na zile saba zinaishia upande upi wa habu.