Ukitafuta maporomoko msituni, usiufuate mto

Tulijiona wenye akili sana. Maporomoko yako mtoni, basi tuufuate mto, tutayakuta tu. Tulikuwa watatu, mimi, binamu yangu na jirani yetu mmoja wa hapa Moshi mjini. Tulishuka kwenye daladala ya Kibosho saa tatu asubuhi, tayari tumechelewa. Saa nane mchana tulikuwa ndani ya korongo, kuta za mwamba kulia na kushoto, maji mapajani, na mvumo wa maporomoko tunausikia uko hapo tu, baada ya kona. Ulikuwa baada ya kona tangu saa tano.

Mito ya kusini mwa Kilimanjaro imechimba makorongo marefu kwenda chini. Ukishaingia, sauti ya maji inagonga ukuta huu na ule mpaka hujui inatokea wapi, na simu haipati mtandao. Wenyeji hawapiti huko. Wanapanda kwenye mgongo wa kilima, wanashuka mtoni mara moja tu, pale wanapopajua. Ukiangalia kwa macho utasema wanazunguka.

Tena mvua ya juu mlimani haikupigii hodi. Sisi tulikuwa na jua kichwani, lakini maji yakaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, yakibeba majani na vijiti. Hiyo ndiyo dalili. Ukiiona, usimalizie hata picha, panda. Tulipanda kwa kushika chochote kilichoota, na kilichoota kilikuwa upupu. Shika mzizi au shina la mti, upupu usiuguse. Na suruali iingize ndani ya soksi kabla siafu hawajakufundisha wenyewe. Mimi nilivaa jinzi na raba. Jinzi ikilowa ni mzigo na ni barafu, maana huko juu ukungu ukishuka unatetemeka meno, hata kama mjini watu wanajipepea. Raba moja ilibaki korongoni. Gambuti za shambani, zile za bei rahisi, zingenifaa kuliko kiatu chochote cha dukani.

Kilichotutoa ni mfongo. Kwa asiyetoka huku, mfongo ni mfereji wa jadi wa Wachagga. Unachukua maji juu kabisa mtoni na kuyaleta kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, ukiambaa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo mno. Pembeni yake karibu kila mara kuna kanjia, kwa sababu lazima watu wapite kuusafisha. Ukungu ulikuwa umefunga, hatuoni hatua kumi mbele, binamu akakanyaga maji yanayokwenda taratibu. Tukayafuata yaendako. Baada ya saa nzima tukaona migomba, kisha mstari wa mimea ya masale, mpaka wa kihamba cha mtu.

Mwenye kihamba alitukuta katikati ya miche yake ya kahawa, na baadhi tulikuwa tumeshaikanyaga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mmetokea wapi?"

Tukamwonyesha. Akatuangalia miguu, kisha akauliza nani alitutuma huko. Ndipo tukajua kuwa tulikuwa tumevuka mpaka wa hifadhi. Msitu ule wa juu uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na huingii kwa sababu tu umeona uwazi kati ya miti. Unaomba kibali na kulipa kwanza.

Mara ya pili tulikwenda hivyo, tena si masika. Kuanzia Machi mpaka Mei mimi simshauri mtu. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tukaelewana kwamba saa saba mchana tunageuza, tufike tusifike. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu, lakini chini ya ile miti mikubwa saa kumi na moja ni giza tayari. Aliyetuongoza ni mjukuu wa yule babu, kijana anayepandisha wageni mlimani. Malipo tulipatana kabla ya kuondoka, jambo linaloepusha nyuso kununa jioni. Akatupitisha pembeni ya mfongo uleule, safari hii kuelekea yanakotoka maji, mpaka kwenye banio lake mtoni, pale maji yanapoingia mfongoni. Kutoka hapo maporomoko yalikuwa mwendo wa nusu saa. Mbega wakituchungulia juu, sisi tunakula ndizi na karanga kwa raha.

Tulipopita kumsalimia babu, tulimpa sukari na majani ya chai. Kisha binamu yangu, Mchagga wa kulelewa mjini, akamkabidhi jani la isale kwa mikono miwili, kumwomba radhi kwa ajili ya miche yake kama mila inavyotaka. Babu akalipokea, akaligeuzageuza.

"Hili si mmelichuma pale kwenye mpaka wangu?"