Kwa mkutubi mpya wa dawati la muziki

Mwanafunzi akija dawatini akakwambia, "Naomba Haleluya ya Handel," usikimbilie kompyuta. Kwanza muulize anataka kuifanyia nini. Anayekwenda kuifundisha kwaya, anayetaka kuisikiliza na anayeiandikia insha wanahitaji vitu vitatu tofauti, na katalogi haiwezi kukutenganishia hayo.

Tena ukiandika "Haleluya" peke yake huenda usipate kitu, ilhali kitabu kipo rafuni. Wimbo ule ni kipande cha kazi ndefu, Messiah, iliyotungwa mwaka 1741, na maktaba huiorodhesha kwa jina la kazi nzima. Jizoeze kuanza na mtunzi, halafu kazi kubwa, halafu namba yake. Kazi za Handel zina namba za HWV, yaani za orodha rasmi ya kazi zake, na hii ni HWV 56. Za Bach ni BWV, za Mozart ni K. Jalada likiwa la Kijerumani au la Kiingereza, namba ni ileile, ndiyo maana mimi naiamini kuliko jina.

Kisha angalia aina ya nota. Mwalimu wa kwaya anataka kitabu chenye sauti nne na piano chini yake. Ukimpa cha okestra nzima, atafika mazoezini na kurasa zilizojaa fidla na tarumbeta. Vile vidogo vya mfukoni ni vya kusomea mezani tu. Na kwa kuwa wengi wamelelewa na sol-fa kanisani, asiyesoma nota za mistari mitano asione haya mbele yako. Kwenye mfumo wa Library of Congress wa kupanga vitabu rafuni kwa herufi, mpeleke MT, kwenye vitabu vya mafunzo. Nota zenyewe ziko M, na vitabu vinavyozungumzia muziki viko ML.

Nota za watunzi wa kale zikikosekana rafuni, IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, inazitoa bure tangu 2006. Ila mkumbushe hakimiliki: Handel alifariki 1759, lakini toleo lililohaririwa juzi linaweza kuwa na haki zake.

Kazi ngumu zaidi, na ninayoipenda kuliko zote, ni ya muziki wetu wenyewe. Ngoma za Wagogo hutazipata kwenye rafu ya nota. Tafuta sauti zilizorekodiwa. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 1954 akaanzisha International Library of African Music, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Anayeandika "Tanzania" tu anaweza kuondoka mikono mitupu. Mwambie aandike Tanganyika, aandike Gogo bila "Wa", ajaribu jina la ala pia, zeze na izeze. Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, utamkuta kwingine kama "bint". Usichoke kubadilisha tahajia. Rekodi nyingi zinaonekana hazipo kwa sababu ya herufi moja.

Rekodi ikipatikana, mwanafunzi anakili maelezo yake mara moja: nani anaimba, nani anapiga, wapi, lini, na nani alirekodi. Sauti ikishahamia kwenye simu bila maelezo hayo, ataandika insha juu ya waimbaji asioweza kuwataja. Mpe karatasi ayaandike hapo hapo, kabla hajafunga ukurasa.