Kunakili papo kwa papo si bekapu

Je, seva ya ofisini inayojinakili papo kwa papo kwenda kwenye wingu (kompyuta za kukodi kupitia intaneti) inahesabika kuwa bekapu, yaani nakala ya akiba? Hapana. Ukifuta faili huku, na kule linafutika muda huohuo. Virusi vikifunga mafaili, vinayafunga kote. Mpango huo unakuokoa mashine ikiungua tu. Bekapu ni nakala ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita, ambayo ya leo hayaigusi.

Angalia yaliyowapata UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, Mei 2024. Kwa taarifa yao ya pamoja na Google, mifumo yao ilikuwa sehemu mbili tofauti ndani ya Google Cloud, huduma ya wingu ya Google, na zote mbili zikafutwa pamoja kwa kosa la usanidi (mipangilio) upande wa Google. Bekapu zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine zilisaidia sana kuwarudisha hewani. Kwa hiyo nakala moja iwe kwenye akaunti nyingine kabisa, yenye nywila yake, na uifungie isifutike kabla ya muda uliopanga.

Ila kuweka ratiba ya bekapu kujiendesha yenyewe pekee haitoshi. GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, walipofuta hifadhidata yao kuu kwa bahati mbaya Januari 2017, waligundua kuwa bekapu za kila siku zilikuwa zinashindwa kimyakimya kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani. Kwa hiyo jaribio la kurejesha data nalo liweke kwenye ratiba, angalau kila mwezi, kwenye seva tupu.