Uliza Ujibiwe: Tulimwambia fundi tunataka programu ya maziwa, akaleta tusichokitaka

SWALI: Asalam aleykum kaka. Mi ni katibu wa kikundi cha wafugaji huku Pongwe, Tanga, tunakusanya maziwa asubuhi na jioni tunapeleka mjini. Mwaka jana tulichangishana tukampata kijana wa kutuundia programu, tukamwambia iandike lita na ipige hesabu ya malipo ya mwezi. Akaleta, kwa macho inapendeza kweli, lakini wiki haikuisha tumerudi kwenye daftari. Maziwa yakikataliwa haina pa kuandika, aliyekopa mashudu haimjui, mama akimtuma mtoto na ndoo ndo kabisa inagoma. Kijana anasema tulichomwambia ndicho alichofanya, akiongeza anataka hela nyingine. Sasa tunaanza upya na wenzangu wameniachia mimi niandike tunachotaka, nikishika kalamu sijui nianzie wapi. Katibu, Pongwe.

JIBU: Waaleykum salam dada yangu, na pole sana, hela ya kuchangishana inauma kuliko hela ya mtu mmoja. Nikwambie ukweli ila usikasirike, kijana hana kosa lote. Mlimpa maneno mawili, lita na malipo, yeye akaunda lita na malipo. Kosa lake ni kwamba hakuja kukaa hapo kituoni hata asubuhi moja.

Kwa hiyo usianze kuandika programu iwe na nini. Chora kwanza maziwa yanavyotembea, tangu yanashuka kwenye baiskeli mpaka hela inamfika mfugaji. Hii kazi ya kuchora mchakato sio ya juzi, Frank Gilbreth aliwaonyesha wahandisi wenzake wa Marekani mwaka 1921, ofisi haina kompyuta hata moja. Siku hizi watu wengi wanatumia alama za BPMN, yaani alama za pamoja za kuchorea kazi inavyokwenda, zilitoka 2004, toleo la 2.0 likaja 2011 chini ya OMG, shirika linalotunga viwango vya mambo ya programu, na 2013 zikawa standadi ya kimataifa ya ISO namba 19510. Alama zipo nyingi mno ila wewe zinakutosha tano: kiduara chembamba ni kazi inaanza, kiduara kinene imeisha, boksi lenye kona za mviringo ni jambo linalofanyika, almasi ni pale pa kuamua twende huku au kule, na mshale unaonyesha kinachofuata.

Nunua manila mbili tatu, nenda kituoni saa kumi na mbili asubuhi wenyewe wanapofika. Gawa karatasi kwa mistari kama njia za wakimbiaji uwanjani, njia ya mfugaji, ya mpokeaji, yako wewe katibu, ya mtunza hazina. Mnunuzi wa mjini mchoree fremu yake pembeni kwa sababu yeye sio mwanakikundi, na mnachopelekeana naye, oda, risiti, meseji, kichore kwa mshale wa mstari wa kukatika. Alafu fuata ndoo moja. Usiulize watu kazi inakwendaje, maana watakwambia inavyotakiwa iende, we angalia kwa macho.

Sasa tuifuate hiyo ndoo. Mfugaji kafika, mpokeaji kachukua maziwa kidogo kachanganya na spiriti kuona kama yanaganda. Hapo chora almasi, yameganda au hayakuganda? Hayakuganda, yanapimwa, yanaandikwa, yanamiminwa kwenye keni, mshale unaenda zake. Yakiganda je? Wengi wanaishia hapa, mshale mmoja umeenda na wa pili unaning'inia, na dada yangu huo unaoning'inia ndio uliowarudisha kwenye daftari. Maziwa anarudishiwa mwenyewe? Yanaandikwa au mtu anaondoka nayo kimyakimya? Kama kaleta mtoto, mama yake atajuaje kwamba yamekataliwa na sio kwamba mtoto kayamwaga njiani? Ukijibu maswali hayo matatu tayari una mahitaji matatu, na unayaandika kwa sentensi ambayo fundi hawezi kuielewa vingine, mfano: "Maziwa yakikataliwa, programu imtake mpokeaji achague sababu, lita hizo zisiingie kwenye malipo, na mwenye kadi atumiwe meseji." Au hii: "Aliyeleta maziwa anaweza kuwa mtu tofauti na mwenye kadi, yaandikwe majina yote mawili."

Nenda na almasi ya mashudu. Mwisho wa mwezi mfugaji anadai maziwa yake na yeye anadaiwa mashudu. Kama deni ni kubwa kuliko anachodai inakuwaje? Linahamia mwezi ujao lote, au anaachiwa chochote cha kupeleka nyumbani? Nina wasiwasi mkubwa kwamba swali hili hata nyie wenyewe hamjawahi kulijibu, mtunza hazina anaamua kwa anavyomjua mtu, huyu kafiwa, huyu mkorofi. Fundi hawezi kuprogramu huruma ya mtunza hazina, na wala sio haki kumwachia fundi aamue. Ligandike hilo manila ukutani siku ya mkutano, watu wabishane hapo mpaka wakubaliane, alafu muandike kanuni pembeni ya almasi. Hapa ndo naipendea hii njia jamani, ugomvi ambao ungekuja kutokea baada ya hela kuliwa unatokea mapema, mbele ya karatasi, na karatasi haina gharama.

Mimi kazi yangu ndo hii na nimeliona mara nyingi. Kuna duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani, mwenyewe alisema anataka programu ya mauzo tu, bidhaa, bei, risiti, basi. Tukakaa tukachora siku yake nzima, tukakuta mafundi wa nje wanachukua mnyororo na breki asubuhi bila hela, wanalipa jioni wakishapata kwa wateja, na kisichotumika wanarudisha. Kwake jambo hilo ni la kawaida kama kupumua ndo maana hakulitaja. Bila mchoro angepata programu inayosema stoo imepungua na hela haipo, kila jioni.

Ukimaliza mchoro wa kazi ilivyo leo, chora wa pili, mnavyotaka iwe. Huo wa pili ndo unaompa fundi. Kila boksi liwekee alama ndogo kwenye kona: mkono, maana yake inafanywa na mtu bila kompyuta, kama kumimina maziwa, mtu, maana yake binadamu anafanya akiwa kwenye skrini, na gia, maana yake programu inafanya yenyewe, kama kujumlisha lita za mwezi. Alama hizo zimo humohumo kwenye BPMN. Sasa hesabu, mkono hazimhusu fundi, za mtu ni skrini anazotakiwa kuunda, za gia ni kazi za ndani. Hapo hata bei mnaongea kwa boksi, mnalipa kwa awamu, na mchoro mnausaini pande zote mbili ukae kwenye mkataba. Siku akidai hela ya nyongeza mnaangalia, boksi lilikuwepo au halikuwepo.

Kuna mambo mchoro hauyasemi na usiyasahau, yaandike mbali. Umeme ukikatika itakuwaje, mtandao ukizingua mpokeaji aweze kuandika kwenye simu bila intaneti zije zitumwe baadaye, maandishi yawe ya Kiswahili, foleni ya asubuhi isisimame zaidi ya ilivyo sasa na daftari, na nani haruhusiwi kuona deni la mwenzake. Hilo la deni nakusihi sana, aibu ya mtu ni kitu kizito.

SWALI: Mi ndo niko upande wa pili, natengeneza programu, nipo Chumbageni. Chuo nilisoma UML, ile michoro ya kusanifu programu, sasa nitumie hiyo au BPMN nikiongea na wateja?

JIBU: Zote zipo chini ya OMG, UML waliipitisha 1997, hazigombani. Ukiwa na mteja anza na mchakato, maana yeye anaijua kazi yake haijui programu. Kisha kila boksi lenye alama ya mtu liligeuze kuwa matumizi moja ya UML (use case) ukiwa peke yako mezani, nani anaingia, anafanya nini, kikiharibika nini kinatokea. Usimpelekee mama wa maziwa mchoro wa klasi, ule wa muundo wa ndani wa programu, hutapata jibu, atakuitikia tu kwa heshima. Na ukimsomea mchoro msomee kama hadithi huku kidole kinafuata mshale, ukiona kasema "eeh, ila siku nyingine..." simama hapohapo, chukua kalamu.

SWALI: Sisi tulianza kuchora kazi za ofisi yetu ya kusafirisha mizigo, tumefika karatasi nane na hamna anayeelewa tena. Tumekosea wapi?

JIBU: Mmeshuka chini mapema. Chukueni karatasi moja, chora boksi kama saba hivi za kazi kubwa, kupokea mzigo, nyaraka, ushuru, kupakia na kadhalika. Boksi ambalo ndani yake lina kazi nyingi liwekee alama ya jumlisha chini katikati, maana yake lina mchoro wake kwenye karatasi nyingine. Hizo nane zenu msizitupe, zinaingia humo chini. Alafu anzeni na boksi moja tu, lile ambalo wateja wanalilalamikia kila siku.